Mpunga Wataka Nafasi, Wala Hautaki Jirani Mbaya

Anayeshuka kutoka Tukuyu katika mwezi wa Machi huiona Kyela imetandazwa mbele yake kama mkeka: migomba na mikakao kando ya nyumba, kisha mpunga, na mpunga ukiisha ni ziwa. Kushoto yasimama milima ya Livingstone. Kulia wapita mto Songwe, mpakani na Malawi. Katikati hushuka Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikichukua udongo wa milimani na kuuleta bondeni. Mvua ya huku ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa katika Tanzania nzima. Mwenyezi Mungu hakuwanyima watu wa ufuko huu wa Nyasa kitu cha kulimia.

Tena mchele wake wasifiwa mbali. Mwenye duka wa Dar es Salaam akitaka kuuza upesi huandika juu ya gunia, “Mchele wa Kyela”, hata kama mchele wenyewe haujapata kuliona Ziwa Nyasa. Harufu yake sufuriani yatosha kumwita jirani.

Basi twauliza: ikiwa mvua ipo, udongo upo, na sifa ipo, kwa nini wako wengi ambao baada ya miezi sita ya jasho huvuna magunia machache tu? Hili si jambo dogo. Katika nyumba nyingi za Kyela gunia la mpunga ndilo sare ya mtoto wa shule, ndilo bati la nyumba, ndilo nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, ndiyo sadaka ya mavuno. Gunia likipungua, si tumbo peke yake lisikialo njaa.

Sababu ni nyingi, na nyingine hatuna amri juu yake, kama mafuriko ya Songwe au mvua kukatika mapema. Lakini ziko sababu mbili zilizo mikononi mwa mkulima mwenyewe, awe na fedha au asiwe nazo. Ya kwanza ni nafasi anayoiacha kati ya shina na shina. Ya pili ni magugu. Tutaona kwamba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

KUMWAGA MBEGU

Desturi ya wengi huku ni kulima kwa plau na maksai mvua zinapoanza, kisha kumwaga mbegu kwa mkono na kuifukia. Vijana wakiambiwa na Bwana Shamba wapande kwa mstari, mzee mmoja huwa hakosi kusema, “Mwanangu, baba zangu walimwaga, nami nimemwaga, na hatukufa njaa.”

Mzee asema kweli, wala asidharauliwe. Kumwaga ni upesi. Mvua ikishuka na ardhi ikalainika, mtu aweza kumaliza ekari yake kwa siku chache, na katika nchi ambayo maji huja kwa ghafula, upesi ni kitu cha thamani. Lakini upesi huo hulipwa baadaye. Mbegu iliyomwagwa haikai sawasawa. Hapa imeanguka kwa wingi, miche yasongamana kama watu mlangoni mwa kanisa siku ya Krismasi. Pale haikuanguka hata moja, na magugu yamejipatia kiwanja. Mkulima naye humwaga mbegu nyingi kupita haja, kwa kuogopa ndege na kuoza, na mbegu hiyo ni chakula.

Tuone yatokeayo penye msongamano. Mpunga ni mmea wenye tabia ya kuzaa: shina moja likipata nafasi hutoa machipukizi pembeni, na chipukizi lililopata nguvu hutoa suke lake. Likisongwa, haliwezi. Hurefuka tu likitafuta jua, likawa jembamba na legevu. Upepo wa ziwa ukivuma, mpunga walala. Na mpunga wa asili wa Kyela kwa kawaida ni mrefu, hivyo huanguka upesi zaidi. Chini ya majani yaliyobanana unyevu haukauki, na magonjwa ya ukungu hupata kitanda. Masuke huwa mengi kwa kuhesabu, lakini mafupi, na punje nyingi ni makapi.

HESABU YA NAFASI

Hapa msomaji aweza kusema, “Basi na tupande mbali mbali sana, kila shina lipate raha.” La. Mpunga uliopandwa mbali mno huacha ardhi tupu, na ardhi tupu haikai bila mpangaji. Tena shina moja, hata likizaa sana, haliwezi kujaza pengo la mashina manne. Mavuno ya shamba ni hesabu ya mambo manne yanayozidishwa pamoja: idadi ya masuke katika kipande cha ardhi, idadi ya punje katika suke, sehemu ya punje zilizojaa, na uzito wa punje. Ukibana sana wapoteza mambo ya pili na ya tatu. Ukitawanya sana wapoteza la kwanza. Kazi ya mkulima ni kutafuta katikati.

Kwa mpunga wa kupandikiza, kipimo kinachofundishwa zaidi katika Tanzania ni sentimita 20 kwa 20. Asiye na futikamba asihangaike: ni pungufu kidogo ya shubiri ya mtu mzima. Kwa kipimo hicho mita moja ya mraba hubeba mashina 25, na ekari moja hubeba mashina kama 100,000. Ukiongeza hadi sentimita 25 kwa 25, mita ya mraba hubeba mashina 16, na ekari hubeba kama 65,000. Ukifika sentimita 30 kwa 30, yamebaki mashina 11 tu katika mita. Kwa hiyo kuongeza sentimita tano tu, jambo linaloonekana dogo mkononi, kwaondoa zaidi ya theluthi moja ya mashina yote.

Ni kipimo kipi kifaacho? Yategemea mambo matatu. La kwanza ni udongo: wenye rutuba huzalisha machipukizi mengi, basi waweza kupanua, udongo uliochoka wataka mashina yakaribiane. La pili ni aina ya mbegu. Saro 5, mbegu fupi yenye harufu iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Ifakara, haianguki upesi na hustahimili kukaribiana. Mpunga mrefu wa asili wataka hewa zaidi. La tatu ni umri wa mche. Mche mchanga huzaa sana. Mche uliokaa kitaluni hadi ukazeeka umekwisha kupoteza sehemu ya uzazi wake, hata ukiupa uwanja mzima.

PADRE WA MADAGASKA

Katika jambo hili la umri wa mche kuna habari itupasayo kuijua, maana ilitoka kwa mtu wa Kanisa. Padre Henri de Laulanié, Mjesuiti Mfaransa, alifika Madagaska mwaka 1961, akakaa miaka mingi akichunguza kilimo cha mpunga pamoja na wenyeji, maana aliona kwamba maskini hawezi kungoja mbolea ya kununua. Mwaka 1983, huko Antsirabe, msimu ulikuwa umebana, na miche ya siku 15 tu ikapandikizwa, hali desturi ilikuwa kungoja hadi mwezi mmoja au zaidi. Miche ilipandwa mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Mwezi wa kwanza ilionekana dhaifu, hata haikutia moyo. Kisha ikaanza kuchipua kuliko ilivyotazamiwa.

Kutokana na hayo pakajengwa utaratibu mzima: mche mchanga, mmoja katika shimo, mistari iliyonyooka pande zote mbili, maji kidogo kidogo badala ya kufurika, na palizi la mapema kwa kifaa cha kusukuma kati ya mistari. Padre alifariki mwaka 1995, lakini utaratibu wake umeenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Kwetu waitwa kilimo shadidi, na umejaribiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wakulima wa Mkindo, mkoani Morogoro.

Tuseme ukweli: kilimo shadidi hakifai kila pahali katika Kyela. Chataka majaruba yaliyosawazishwa na maji yanayoweza kuingizwa na kutolewa. Mkulima wa bonde la wazi karibu na ziwa, ambaye maji humjia bila kubisha hodi, akipandikiza mche wa siku 12 aweza kuukuta umezama. Huyo achukue somo la mstari na aache mengine. Baada ya kulima kwa maksai na kusawazisha, avute kamba yenye mafundo, atie mbegu tatu hadi tano katika kila shimo kwa nafasi ya sentimita 20, kabla ya mvua kubwa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi kuliko kumwaga, hatutamdanganya mtu. Lakini siku hizo hurudishwa wakati wa palizi, na hurudishwa kwa wale wanaozistahili.

MAGUGU HULA KWANZA

Nani hao wanaozistahili? Ni akina mama. Baba hulima kwa plau, lakini mara nyingi palizi ni la mama na watoto, wakiinama tangu alfajiri katika tope, mgongo ukiuma, na mtoto mwingine hukosa masomo kwa ajili hiyo. Katika shamba la kumwaga jembe halina njia. Kila gugu latafutwa kwa vidole. Katika shamba la mistari mama apita wima na jembe, au na kile kifaa cha kusukuma, na kila kilichoota kati ya mistari ni adui, hakina haja ya kuchunguzwa.

Hilo la kuchunguza si mzaha. Mpunga mwitu hufanana na mpunga wetu tangu utoto wake, na baadhi ya nyasi nyingine pia. Wasomaji wanaukumbuka mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, juu ya ngano na magugu: mwenye shamba aliwazuia watumwa wake wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano pamoja nayo. Wako waliofanya mfano huo kuwa udhuru wa uvivu, nao wamekosea. Bwana alisema juu ya hukumu ya watu, hakufundisha palizi. Lakini mkulima aliyeusikiliza vizuri ataona jambo moja: taabu ya watumwa wale ilikuwa kwamba mizizi imeshikana na majani yamefanana. Aliyepanda kwa mstari ameitenga ngano yake tangu siku ya kwanza.

Tena majira ya palizi ni muhimu kuliko wingi wake. Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua. Wakati huo mche wa mpunga bado mdogo, na gugu lenye mbio huuwahi kwa chakula, maji na jua. Palizi la kwanza lafaa kati ya wiki ya pili na ya tatu, na la pili kabla ya wiki ya sita au ya saba kupita. Baada ya hapo, kama nafasi ilikuwa sawa, majani ya mpunga hukutana, kivuli hufunika ardhi, na magugu machanga hufa yenyewe kwa kukosa jua. Hapo ndipo udugu wa nafasi na palizi waonekana: nafasi njema hukupa njia ya kupalilia leo, na kesho hukupalilia yenyewe. Anayengoja hadi magugu yafike kiunoni hafanyi palizi, anafanya mazishi. Mazao yamekwisha kuliwa.

MBOSYO, MWIZI WA CHINI KWA CHINI

Pamoja na magugu hayo, Kyela ina adui mwingine anayejulikana sana kwa jina la Kinyakyusa, mbosyo. Waganda wa mashariki humwita kayongo. Wataalamu humwita Rhamphicarpa fistulosa. Ni mmea mdogo wenye majani membamba kama uzi, na maua meupe yafungukayo jioni, giza likiingia, yakitembelewa na nondo wa usiku. Ukiutazama hauogopeshi. Lakini chini ya ardhi mizizi yake hushika mizizi ya mpunga na kunyonya maji na chakula. Mpunga hudumaa, hukosa masuke, na shamba lililoshikwa sana laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Wako wakulima walioyaacha mashamba ya baba zao kwa ajili yake.

Ili kumshinda mwizi yapasa kujua mlango aingiao. Mbegu ya mbosyo ni ndogo kama vumbi, na mambo mawili huiamsha: udongo uliolowa na nuru ya jua. Kwa hiyo mbegu iliyofukiwa chini sana haiamki, na penye maji yaliyosimama muda wote mbosyo hana nguvu. Hupenda zile sehemu za chini zilowazo bila kufurika, na hasa udongo uliochoka. Kwenye ardhi ya juu, iliyo kavu zaidi, kuna ndugu yake, kiduha, mwenye maua mekundu, anyonyaye mpunga na mahindi pia. Huyo haamki mpaka asikie mzizi wa mmea wa kumlisha umekaribia.

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao wa nje walifanya majaribio wilayani Kyela juu ya wadudu-mimea hawa wawili. Waliona jambo la faida: hawazuiwi kwa majira mamoja. Penye mbosyo, mbegu ya mpunga iwahi, ili mpunga uwe umekwisha kupata nguvu na majani kabla mbosyo hajaamka kwa wingi. Penye kiduha kwenye ardhi ya juu, mkulima akikawia kidogo, kiduha hupungua. Lakini achague mpunga wa kukomaa upesi, mvua isije ikamwacha njiani. Kadhalika ziko aina za mpunga, kama baadhi ya zile za NERICA, ambazo kiduha hushindwa kuzishika vizuri.

Mengine ni kazi ya mikono na akili. Ng'oa mbosyo kabla hajachanua. Mmoja ukiachwa azae, ameacha mbegu maelfu kwa ajili ya mwaka ujao. Aliyekwisha kuzaa asitupwe pembezoni mwa shamba; achomwe. Osha plau na majembe yaliyotoka katika shamba lenye ugonjwa, maana vumbi la mbegu husafiri na tope, na kwato za ng'ombe, na mbegu ya mpunga isiyopepetwa vizuri. Rudisha shambani samadi na mapumba ya mpunga yanayorundikana bure mashineni, maana udongo ulioshiba humpa mpunga nguvu ya kushindana. Na kwa kuwa maji ya mafuriko hayajui mpaka wa shamba, mbosyo wa jirani ni wako pia. Hapa kijiji kizima chahitaji kuamka kwa pamoja; mmoja akisafisha peke yake ni kama kuteka maji kwa tenga.

JUU YA DAWA

Wengi siku hizi hutumia dawa za kuua magugu, na zina msaada wake kwa asiye na watu wa kumsaidia. Lakini asitumie kwa kubahatisha. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana, haiui nyasi wala mpunga mwitu. Tena ikipeperushwa na upepo hadi kwenye mikakao au maharagwe ya jirani, huleta kesi. Glaifoseti huua kila kilicho kijani, basi ni ya kabla ya kupanda tu. Soma maandishi ya chupa, vaa nguo za kujikinga, wala usioshe pampu mtoni. Maji hayo yaenda ziwani waliko usipa tunaokula, na kisimani tunakochota.

JARIBU KWA KIPANDE

Ndugu msomaji, hatukuambii uache desturi ya nyumbani kwa sababu ya gazeti. Twakuomba jambo dogo. Msimu ujao pima vipande vitatu vya mita 10 kwa 10 katika shamba lako, vyenye udongo na maji sawa. Cha kwanza mwaga kama ulivyozoea. Cha pili panda kwa sentimita 20. Cha tatu panda kwa sentimita 25. Vyote vipalilie kwa siku zile zile, na uandike saa ulizotumia katika kila kimoja. Wakati wa mavuno, kausha na upime kila kipande peke yake. Kila kilo moja itokayo katika kipande hicho ni sawa na kilo 40 katika ekari. Hapo hutahitaji kumwamini Bwana Shamba wala sisi. Utakuwa umejifundisha mwenyewe.

Nawe baba wa nyumba, siku ya kupima, mwite mama awepo, na daftari la saa za palizi liwe mkononi mwake. Yeye ndiye aliyeinama. Kama kamba yenye mafundo yaweza kumwondolea siku kumi za kuinama, na kumrudisha mtoto darasani, basi kamba hiyo ina thamani kuliko ng'ombe wa pili. Gunia litakaloongezeka litakuwa faida juu ya faida.

Mungu hutoa mvua. Kuitumia ni juu yetu. Watu wa Kyela mmepewa nyingi. Ipeni miche yenu nafasi, na magugu msiyape.